Mpira Mweupe wa Zamu ya Tisa

Asubuhi ile chumba cha wachezaji cha Makorongo, timu ya besiboli, kilinuka shampeni iliyochacha na soksi. Nailoni walizotundika kukinga makabati zilikuwa bado zinaning'inia, zikidondosha tone moja moja, na katikati ya sakafu palikuwa na fulana iliyokanyagwakanyagwa, imeandikwa kifuani TUNAENDA FAINALI. Hakuna aliyeiokota.

Lorraine Kuchar, mpelelezi wa polisi wa mji wa Harmon Falls, aliiruka akapita. Alitia mkono mfukoni mwa koti kutafuta kalamu, akatoa soksi ya mwanawe mchanga. Akairudisha haraka, akajaribu mfuko wa pili.

"Afande."

Lyle Varga alikuwa amekaa mbele ya kabati lake, suruali ya mechi ya jana bado mwilini. Jana kijana huyu alisimama juu ya kichuguu cha mrushaji, mji mzima ukimtazama, na kwa zamu zote tisa za mechi wapinzani wao, Wachimba Chumvi, hawakumpata hata pigo moja safi. Kuna warushaji wanaozeeka mchezoni bila kuliona jambo hilo. Yeye alilifanya katika mechi ya tano ya nusu fainali, timu zikiwa zimeshinda mbili kwa mbili, na wa kuchukua ya tatu ndiye wa kwenda kugombea ubingwa. Wenzake walimbeba mabegani. Walipomshusha chini ndipo walipomwambia kwamba baba yake amekufa.

"Basi linaondoka saa sita," Lyle alisema. "Fainali inaanza kesho kule Castleton. Sijui kama nitapanda. Afande, sikuulizi nani kafanya nini, hiyo ni kazi yako. Mimi nataka jambo moja tu. Baba alikuwa peke yake?"

"Bado sijui."

"Ukijua utaniambia? Hata kama ni baya?"

"Nitakuambia."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kutazama viganja vyake.

Chumba alichofia Emmett Varga, baba yake Lyle, kilikuwa chini ya majukwaa, upande wa kulia wa uwanja, mwisho wa ujia mrefu wa saruji. Aliyemwongoza Lorraine ni Bernard Tulloch, msimamizi wa chumba cha wachezaji, mtu wa miguu ya matege na funguo nyingi kiunoni. Yeye ndiye aliyemkuta maiti, na yeye ndiye aliyepiga simu ya ambulansi, fataki za ushindi zikiwa tayari zinapasuka juu ya mto.

"Hapa ndipo alipofanyia kazi," Bernard alisema, akawasha taa. "Miaka na miaka. Mkewe alikuwa akisema amezaa na Emmett lakini Emmett ameoa hiki chumba."

Kulikuwa na benchi la mbao, sinki, rafu ya maboksi ya mipira, na kopo la tope. Mpira mpya wa besiboli hutoka kiwandani unang'aa na kuteleza kama sahani iliyopakwa mafuta. Mrushaji hawezi kuutawala, na ukimponyoka unaweza kumvunja mtu taya. Kwa hiyo kila mpira husuguliwa kwanza kwa tope laini la mtoni, mpaka ukose mng'ao na ugeuke rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Emmett.

"Si husuguliwa yote kabla ya mechi?" Lorraine aliuliza.

"Ndiyo, lakini jana Wachimba Chumvi walikuwa wanaipiga ovyo inatoka nje, inaangukia kwa mashabiki. Kufika zamu ya saba tumeishiwa. Ikabidi Emmett asugue mingine hapa, mimi nampelekea refa."

"Mara ya mwisho kumwona hai?"

"Zamu ya tisa." Bernard hakusita. "Nilikuja kuchukua mipira ya mwisho. Alikuwa amekaa hapo benchini, anasugua. Akanikonyeza. Nikatoka. Mechi ilipokwisha nikarudi kumpa habari njema, nikamkuta sakafuni."

"Alikukonyeza."

"Emmett alikuwa hivyo."

Lorraine alichuchumaa. Kwenye kona ya benchi palikuwa na alama ya damu iliyokauka. Maiti naye alikuwa na jeraha kwenye paji la uso. Chini ya benchi, nyuma kabisa, akaona kofia. Aliivuta kwa ncha ya kalamu. Ilikuwa ya bluu, na mbele ina nembo ya Wachimba Chumvi.

"Hii ya nani?"

Bernard aliitazama, akalamba midomo. "Sijui, afande. Watu wanapita."

"Watu wa timu pinzani wanapita kwenye chumba cha mipira, siku ya mechi ya kuamua nani aende fainali?"

"Nimesema sijui."

Mtu ambaye hakusita kwa swali la kifo alikuwa anatokwa jasho kwa swali la kofia. Lorraine aliitia kofia kwenye mfuko wa plastiki, akaliangalia kopo la tope. Lilikuwa wazi, kifuniko kimelala kando. Tope la juu lilikuwa limekauka na kupasuka nyufa. Pembeni ya sinki palikuwa na maboksi matupu ya mipira, yamechanwa haraka haraka, karatasi zimetapakaa. Mtu aliyetundika taulo zake kwa mstari ulionyooka kama Emmett hakuonekana kuwa mtu wa kuchana boksi namna ile.

Lorraine alimkuta mdakaji wa timu, Hector Almonte, kwenye chumba cha mazoezi, magoti yote mawili yamefungwa barafu. Alikuwa jitu la Santo Domingo lenye sauti nzito na macho yaliyovimba kwa kulia.

"Mama, kabla hujaniuliza, nakuambia kabisa," alianza. "Kama kuna mtu alimgusa yule mzee, niachie mimi kwa dakika moja. Moja tu. Halafu nifunge."

"Kaa chini, Hector. Hii kofia unaijua?"

Hector aliitazama, kisha, kwa namna ambayo Lorraine hakuitegemea, akacheka mpaka machozi yakamwagika upya.

"Hiyo? Hiyo taulo!"

"Taulo?"

"Ndani yake kuna nini? Tazama."

Lorraine aliigeuza. Ndani kulikuwa na tope limeganda matabaka kwa matabaka.

"Kila mchujo mzee anatafuta kofia ya wapinzani, anajifutia mikono. Anasema hao watu kazi yao ni kututoa tope. Tuliingia mchujo huu kwa mlango wa nyuma, siku ya mwisho ya msimu, kwa sababu timu nyingine ilipoteza, si kwa sababu sisi wazuri. Mzee akasema, 'Msijali, mimi nimeshanunua kofia.' Bernie ndiye anayemnunulia."

"Bernie? Bernard Tulloch?"

"Nani mwingine? Hao wawili ni kama meno na ulimi."

Lorraine aliirudisha kofia kwenye mfuko wa plastiki. Kwa hiyo Bernard aliijua kofia, na aliposema haijui hakuwa anamficha adui yeyote. Alikuwa anampa mpelelezi njia isiyomfikisha popote, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa apate kupita getini.

"Jana usiku uliona kitu chochote kisicho cha kawaida?"

Hector aliacha kucheka. Alijikuna shingo.

"Mipira," alisema.

"Imefanya nini?"

"Kuanzia zamu ya saba nilikuwa nadaka samaki. Inateleza, inang'aa. Nikamtazama refa, refa akanitazama. Naye ameona. Tukanyamaza wote."

"Kwa nini?"

"Kwa nini!" Alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini watu hulia msibani. "Mama, kijana hajapigwa hata pigo moja! Nani atasimamisha mechi ile akachunguze mipira? Mimi nife nimelaaniwa? Nilijiambia, mzee kachoka, mzee anasugua haraka. Basi."

"Na hukumwambia Lyle."

"Mrushaji akiwa kwenye hali ile hatusemi naye. Hata salamu. Anakaa benchini peke yake kama mwenye ndui. Ndivyo ilivyo."

"Mpira wa mwisho uko wapi? Ule uliomaliza mechi."

Hector alinyoosha mkono, akachukua glavu yake, akaifungua polepole. Mpira ulikuwa mle, umelala kama yai kiotani.

"Namtunzia Lyle. Nilipotaka kumpa jana akaukataa."

Lorraine aliutoa kwa kitambaa, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Upande mmoja ulikuwa na alama nyeusi ya gongo, pale mpigaji alipougusa kidogo tu kabla Hector hajaudaka. Sehemu nyingine yote ilikuwa nyeupe. Nyeupe pe, inang'aa, haina hata chembe ya tope. Akaupiga picha pande zote.

Simu ya daktari wa uchunguzi wa maiti ilimkuta ujiani.

"Ni moyo, Lorraine," Daktari Whitcomb alisema. "Jeraha la paji ni la kuanguka, aligonga kitu chenye kona. Hakuna aliyempiga. Lakini kuna jambo lingine. Watu wa ambulansi walipofika alikuwa ameshaanza kupoa. Alikufa kabla ya ile simu kupigwa, na alianza kuugua kabla ya hapo. Hakufa ghafla."

"Angepelekwa hospitali mapema, angepona?"



"Siwezi kuapa. Ila watu wenye moyo wa namna ile, wakifika wanapumua, wengi wao tunawarudisha nyumbani."

Bernard alikuwa kwenye chumba cha wachezaji, juu ya ngazi, anashusha nailoni. Lyle hakuwepo. Lorraine alisimama chini ya ngazi akangoja mpaka yule mtu akaishiwa cha kukunja.

"Shuka, Bernard."

"Basi linaondoka, kuna mizigo..."

"Shuka."

Alishuka. Lorraine aliuweka mpira juu ya kitambaa, juu ya kiti kilichokuwa kati yao.

"Uliniambia zamu ya tisa Emmett alikuwa anasugua mipira, na wewe ukaichukua mkononi mwake."

"Ndiyo."

"Huu ndio mpira wa zamu ya tisa. Nionyeshe alipousugua."

Bernard aliutazama mpira. Kisha akakaa chini, palepale juu ya ile fulana ya fainali.

"Nilitaka ionekane alifanya kazi mpaka mwisho," alisema. "Hakuwahi kutoa mpira mbichi hata siku moja. Nilitaka watu waseme hivyo."

"Ulimkuta lini?"

"Zamu ya saba. Nilikwenda kuchukua mipira, nikamkuta sakafuni, damu usoni."

"Alikuwa anapumua?"

"Anapumua. Akanishika mkono wa shati. Akasema, 'Funga mlango, Bernie. Mtoto asijue.'"

"Ukafunga."

"Nikafunga."

"Daktari wa timu alikuwa hatua chache tu kutoka hapo!"

"Daktari anakaa benchi moja na Lyle. Nikimwita, Lyle anaona. Ambulansi nayo inaingilia lango la kulia, taa zinamulika mbele ya macho yake. Mechi inasimama, bega linapoa, kila kitu kinakwisha." Alijifuta pua kwa kiganja. "Afande, wewe si mtu wa besiboli. Mambo yakiwa vile, hubadilishi kitu. Ukiwa umekaa, unabaki umekaa hata kama mkojo umekubana. Husemi. Mimi nimezeekea humu ndani na sijawahi kulivunja hilo."

"Hiyo ni desturi ya mchezo, Bernard. Yule alikuwa mtu."

"Najua alikuwa mtu! Alikuwa mtu wangu mimi!" Sauti iligonga makabati ikarudi. Aliposema tena ilikuwa ndogo. "Nilimlaza vizuri. Nikamwekea koti langu chini ya kichwa. Nikachana boksi nikapeleka mipira vilevile. Nilidhani atangoja. Zamu mbili tu, afande. Emmett alikuwa mtu wa kungoja."

"Ulirudi?"

"Zamu ya nane. Alikuwa hai, rangi imemtoka. Nikamwambia, 'Bado hawajampata.' Akacheka kidogo, hivi, kwa pembe ya mdomo. Nikataka kukaa, akanipungia mkono niende, mipira isichelewe. Nikaenda." Alifumba macho. "Niliporudi zamu ya tisa alikuwa amekwisha kwenda."

"Na bado hukupiga simu."

"Zilibaki nafasi tatu tu, wapigaji watatu watoke. Yeye ameshakufa. Nikasimama mlangoni na mipira mkononi, nikasema, nikisema sasa, atakuwa amekufa bure."

Lorraine hakuandika hilo. Alimwambia kwamba ataandikisha maelezo upya kituoni, kwamba mwendesha mashtaka ndiye atakayeamua ni kosa gani au kama ni kosa, na kwamba asiende mahali. Bernard aliitikia kila sentensi. Kisha akauliza kama anaweza kumalizia kukunja zile nailoni, maana kina Lyle wakizikuta zinaning'inia watazidi kuumia.

"Malizia. Kisha ukae pale ujiani unisubiri."

Lyle alikuwa uwanjani. Alisimama pembeni ya kichuguu, si juu yake, mikono mfukoni. Wafanyakazi walikuwa wameshafunika udongo kwa turubai. Nje ya uzio, basi la timu lilikuwa limewashwa, na kupitia vioo Lorraine aliona vichwa vya wachezaji, vyote vimetazama mbele. Saa sita ilikuwa imeshapita. Hakuna aliyepiga honi.

Alimweleza yote. Alimweleza wazi, bila kulainisha, kama alivyoahidi: mlango uliofungwa, maboksi yaliyochanwa, maneno ya daktari. Lyle alisikiliza akitazama turubai.

"Ulitaka kujua kama alikuwa peke yake," Lorraine alisema. "Bernard aliingia mara mbili baba yako akiwa hai. Alimwambia hawajakupata, na baba yako akacheka. Lakini mwisho wenyewe, ndiyo. Alikuwa peke yake."

Upepo uliinua kona ya turubai, ukaishusha.

"Hector kasema umechukua mpira," Lyle alisema.

"Ninao hapa."

"Mweupe."

"Mweupe."

"Nilijua." Alitoa mkono mfukoni, akaufungua na kuufumba, kama anayeshika kitu. "Zamu ya saba Hector alinirushia mpira mpya, nikaushika, nikajua si mkono wa baba. Tangu nikiwa mdogo, mpira wowote niliourusha katika uwanja huu alianza yeye kuusugua. Ule wake una mkwaruzo fulani, unakaa kwenye vidole kama umekuzoea. Huu ulikuwa wa kigeni. Nikamtazama Bernie kule benchini. Akaangalia viatu vyake."

Lorraine alisogea karibu.

"Ningeinua mkono tu, afande. Hivi. Mrushaji akiinua mkono mchezo unasimama. Ningesema, 'Mpira huu haujasuguliwa, mwulizeni baba kuna nini.' Mtu angekimbia kumwangalia." Akaushusha. "Sikuinua. Nikajiambia, kachoka. Nikajiambia, zamu mbili tu, halafu nitakwenda kumwona."

"Hukujua alikuwa anakufa."

"Nilijua kuna jambo. Vidole vilijua. Nikavinyamazisha."

Lorraine alikuwa ameishikilia ile soksi mfukoni, hajui tangu lini. Akaiachia. Akautoa mpira kwenye mfuko wa plastiki, akamwekea kiganjani. Picha alishapiga, na maelezo Bernard alishayatoa.

"Baadaye utanirudishia," alisema.

"Bernie yuko wapi?"

"Ujiani. Ananisubiri mimi."

Lyle alishuka ngazi za benchi la timu, akapita chumba cha wachezaji ambacho sasa kilikuwa kitupu na kimefagiliwa, akaingia ujia wa saruji. Lorraine alimfuata kwa mbali, tayari kukimbia endapo kijana angenyanyua ngumi. Bernard alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani, nailoni zimekunjwa vizuri pembeni yake. Alipomwona Lyle alisimama, akainamisha kichwa, akaweka mikono nyuma kama anayengoja kupigwa.

Lyle alimpita. Alikwenda mpaka mlango wa mwisho, akaingia, akatoka na kopo la tope. Akarudi, akakaa kwenye benchi. Alitemea mate kiganjani, akachota tope kwa kidole, akaanza kuusugua ule mpira, taratibu, akiuzungusha, kidole gumba kikifuata mshono. Weupe ulianza kufifia. Bernard alibaki amesimama.

Lyle alisogea kidogo, akamwachia nafasi pembeni yake.

"Kaa, Bernie," alisema. "Kaa uniambie alichekaje. Mechi imekwisha, sasa tunaweza kusema."